Namba ya Damu ya Binti Yangu

Mpaka leo nikisikia mtoto anaomba simsim, vile vidonge vya ufuta na sukari, katika soko la Arua, nageuka.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye kituo cha afya cha Koboko, malaria imemshika, anapumua haraka lakini anacheka. Nesi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine kama kile cha sukari. Akakunja uso.

"Baba, hii inapima asidi ya damu. Namba iko juu sana. Anaweza kuzimika ghafla. Gari iko tayari, muende hospitali kubwa ya Arua sasa hivi."

Kaka yangu akacheka. "Nesi, mtoto iko naomba simsim, wewe naogopa namba?"

Akataka tumngoje mjomba wa mtoto kutoka Midia, amtemee mate ya baraka, maana kwetu mtoto mgonjwa hapelekwi mbali bila mate ya mjomba wake. Mjomba mwenyewe alikaa kwanza njiani kunywa chai. Hao wawili waliomchelewesha nawataja, na wanajijua. Wa tatu ni mimi. Nesi aliniambia mara mbili, "Baba, sema wewe," nikanyamaza kwa kuheshimu wakubwa.

Mjomba alifika saa nane mchana, akamtemea mate kwenye paji la uso. Mtoto akajifuta.

"Baba, simsim."

"Tutanunua Arua, mama."

Alizimika mikononi mwangu ndani ya gari, kabla hatujaona mji.

Sasa naishi Arua. Simsim nanunua, lakini sijawahi kuionja. Naishika tu, mpaka inalainika mkononi.