Sombe ya mama, nsima ya jirani

Jumamosi mchana nilikuwa katika resto ya mama mmoja wa Uvira, hapa sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imejaa, wateja hakuna. Akaingia bwana mmoja wa Area 47, mtaa wa wenye pesa kule mjini, amekuja kwa fundi kushonesha suti. Akauliza kama kuna nsima, ugali wao wa mahindi.

Mama akapangusa mikono. "Hapana, papa. Huku iko bugali ya muhogo. Nsima iko kwa jirani Mumalawi, mulango wa pili. Anapika muzuri, hata mi nakulaka kule."

Bwana akashukuru kwa lugha yao, zikomo, akatoka. Nakiri, imani yangu ilikuwa ndogo. Nikamwambia, "We mama, unafukuza muteja? Si ungemusongea kidogo tu?"

"Nsima yao siijui. Nimulishe kitu kibaya juu ya njaa yangu?"

Sijamaliza kuguna, bwana akarudi na sahani ya nsima ya jirani mkononi. Akaketi, akaonyesha sufuria kwa kidole. "Sasa hiyo mboga yenu. Nasikia harufu yake tangu kwa fundi."

Alikula mpaka akafungua kifungo cha koti. Kisha akaomba sombe nyingine ya kumpelekea bibi yake nyumbani.

Area 47 wana maduka makubwa na resto zenye viti vya ngozi, Mungu awazidishie. Lakini jioni ile chakula chao kilitoka kambini, na mi nilirudi nyumbani kifua mbele, utafikiri mpishi ni mimi.