Dua ya Mama Burulcha na Diski Isiyosubiri

Aizirek alifanya kosa ambalo mke wa mwana hapa Kochkor, kijiji chetu cha milimani, hathubutu kulifanya hata akiwa na homa: alishusha mikono mama mkwe wake akiwa katikati ya dua. Na hakushusha jikoni, ambako mtu angeweza kusingizia sufuria inaungua. Alishusha mbele ya kamera, mamia ya vijana wakitazama. Ukitaka kumtafuta mchawi, mchawi alikuwa diski mpya ya kompyuta.

Mwanzoni kompyuta yenyewe ilikuwa kikongwe. Mumewe, Talant, aliiacha sebuleni alipokwenda Novosibirsk kujenga maghorofa. Aizirek akabaki na ng'ombe, jiko la makaa na mama mkwe asiyependa chai ya vuguvugu. Theluji ilipofunga barabara akajifunza gemu la vita vya ngome, na akagundua kwamba ana mkono mwepesi. Akaanza kurusha michezo yake moja kwa moja mtandaoni. Lakini diski ilikuwa ile ya kizamani, ya kuzunguka na kukoroma. Kila mchezo ulipoanza, skrini iliingia giza na kiduara cheupe kikawa kinazunguka, kinazunguka, hata chai ikapoa kwenye bakuli.

Jioni moja Mama Burulcha aliingia kuuliza chai yake imekwama wapi, akakikuta kiduara.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Vitani, Mama," Aizirek akajibu kwa mzaha.

Mama hakucheka. Katika nyumba yake mtu hatoki bila dua, awe anakwenda sokoni au vitani. Akafungua viganja, Aizirek naye akafungua vyake, na dua ikasomwa yote, na kiduara bado kilikuwa kinazunguka.

Vijana waliokuwa wakitazama walikuwa wabeba zege wa Moscow na wazoa theluji wa Kazan, watoto wa milimani ambao hawajaombewa na mzee tangu wapande treni. Waliandika Amin mpaka maandishi yakawa yanapita kama maji. Kuanzia hapo Mama alipata kazi. Kila jioni alivaa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akaketi kwenye kigoda karibu na mkwewe, na kiduara kilipotokea, viganja vikafunguka. Nasema wazi, sijawahi kumwona mjane akinawiri namna ile.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Memori ya kompyuta ilikuwa ndogo, na gemu na yale matangazo yake ya mtandaoni vilikuwa vinaigombania kama ng'ombe wawili kwenye ndoo moja. Picha iliganda, sauti ikakatika. Dua aliyoisoma kwa utulivu iliwafikia wale vijana vipande vipande. Wenyewe waliitikia Amin kwa kukisia.

Halafu kulikuwa na Kubat, nahodha wa timu aliyocheza nayo Aizirek mtandaoni, kijana wa Bishkek mwenye mdomo mkali. Kila mara Aizirek aliingia uwanjani wenzake wakiwa wameshapigana nusu saa nzima, kwa jinsi Kubat alivyopenda kutia chumvi.

"Dada, sisi tunakufa, wewe bado unafunguka," alimwambia. "Hiyo si kompyuta, ni punda."

Mwisho akampelekea, kwa mkono wa dereva wa teksi, diski mpya isiyokuwa na kitu cha kuzunguka ndani yake, pamoja na memori ya kuongezea. Aizirek alivifunga mwenyewe huku Mama akimshikia bisibisi.

Jioni ile ile balaa likatokea. Kiduara kilitokeza, Mama akafungua viganja, akataja jina la Mungu. Kabla hajavuta pumzi ya pili, kiduara kilikuwa kimetoweka, ngome iko wazi, adui wanakuja. Mikono ya Aizirek iliruka yenyewe kwenye kibodi. Alipogeuka, Mama alikuwa bado ameinua viganja, peke yake, sentensi imemfia mdomoni.

"Mashine yako haina haja na mimi tena," alisema, akatoka.

Aizirek aliomba radhi usiku huo, akaomba asubuhi, akaomba wakati wa kukamua. Mama alijibu kila mara, "Nimesikia," jibu ambalo ni baya kuliko tusi. Kigoda kikabaki kitupu. Na uchungu ulioje: kwa memori ile mpya sauti sasa ilikwenda safi kabisa. "Tunasikia hata jiko likilia," waliandika vijana. "Bibi yuko wapi?"

Kisha Mama akatoa sanduku chini ya kitanda. Jumamosi asubuhi angekwenda Naryn kwa binti yake, na hakusema atarudi lini. Kochkor nzima ingejua kwa nini. Lakini aibu ilikuwa nusu tu ya maumivu. Aizirek alimpenda yule mama. Waliuvuka pamoja mwaka ambao Talant hakupiga simu, na mwanamke wa kulia naye mwaka kama ule hapatikani tena.

Ijumaa jioni, sanduku likiwa mlangoni, timu ilikuwa na mechi ya kufuzu kwenda fainali za Bishkek, wao dhidi ya vijana wa Talas. Aizirek alimgongea Mama chumbani.

"Mama, niombee kabla sijaanza. Nitaketi hapa mpaka umalize."

"Nina vitu vya kukunja," alijibu Mama nyuma ya mlango.

Aizirek akarudi kwenye kiti. Walishinda ngome ya kwanza, Talas wakachukua ya pili. Ikabaki ya tatu, ya kuamua.

"Sikilizeni," alisema Kubat kwenye spika. "Dada, wewe unalinda lango. Lango likianguka tumekwisha. Na kimya! Mjue adui akikaribia anasikia kila kinachoingia kwenye maikrofoni yako. Hata usikohoe."

Skrini ikaingia giza, kiduara kikatokea, na wakati huo huo mlango wa sebule ukafunguliwa. Mama alikuwa amefuata shali yake aliyoisahau kwenye kigoda. Aliinama kuichukua, akaona mkwewe anafuta viganja kwenye gauni. Akaona kiduara. Sijui ni huruma au ni mazoea. Nadhani hata yeye hajui. Aliiachia shali, akafungua viganja.

"Ee Mungu," alianza.

Aizirek alijua diski haitasubiri. Akafungua viganja vyake, na viganja vilipokutana tu ubavu kwa ubavu, uwanja ukafunguka mbele yake, lango likiwa wazi.

"Twende!" Kubat akapiga kelele. "Dada, funga lango! Dada!"

"Njia yake iwe nyeupe," aliomba Mama, macho ameyafumba, hana habari nao. "Mwenzi wake njiani awe Hidhri, mlinzi wa wasafiri."

"Dada, umeganda? Wanakuja kwako! Gusa kitu chochote!"

Kibodi ilikuwa karibu kiasi cha kuisikia ikimwita. Vidole vilimwasha. Upande wa pili wa ua alimwona adui akijitokeza, yule wa Talas aliyejiita Ilbirs, chui wa theluji, mwenye shabaha iliyokuwa imewatesa jioni nzima. Alikuwa anakimbia moja kwa moja kuelekea langoni. Aizirek akabana viganja vyake pamoja, kidole kwa kidole, visije vikamkimbia tena.

"Walio ugenini warudi salama. Mwanangu Talant arudi salama. Waliotutangulia walale pema."

Sauti ya Mama ilikuwa inapita kwenye maikrofoni ikiwa nzima, bila kukatika hata mahali pamoja.

Na Ilbirs akasimama. Alikuwa ameshalikaribia lango kiasi cha kusikia. Askari wake alisimama mbele ya Aizirek, upinde umeinuliwa, na hakufyatua. Nyuma yake akaja mwenzake, naye akasimama.

"Na nyumba hii," Mama aliendelea, sauti ikapungua, "isikose mtu wa kuwasha jiko. Amin."

"Amin," alisema Aizirek, akapangusa uso.

"Amin," ikaitikia sauti nene ya kijana kutoka kwenye spika. Ukapita muda wa mtu kupangusa uso wake. Kisha mshale ukafyatuliwa, na Aizirek akaanguka langoni akiwa maiti.

Talas waliingia kama wanaingia kwao. Fainali za Bishkek zikawaponyoka.

"Amin," alisema Kubat kwa uchungu. "Dada, umetuua sote." Akakata sauti yake.

Aizirek aliketi akitazama skrini, machozi yanamtoka, hajui ya lipi. Mama alikuwa bado amesimama nyuma yake.

"Nani yule aliyeitikia?" aliuliza.

"Adui, Mama. Wa Talas. Ndiye aliyeniua."

"Baada ya Amin?"

"Baada ya Amin."

Mama alilitafakari jambo hilo huku akiikunja shali yake.

"Kalelewa huyo," alisema. "Kawazidi wengine wa humu ndani."

"Kweli, Mama."

"Ila leo umejitahidi. Nilikuchungulia." Akaitandika shali juu ya kigoda, akakalia. "Mpigie dereva, mwambie asije kesho. Na hicho kiduara siku nyingine uniite kabla hakijaanza. Mimi siwezi kukimbizana nacho."