Mchumba Asiyepiga Chafya

Mchumba wa nne alisimama katikati ya magunia ya pilipili, mwezi wa Machi, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Hakupiga chafya hata moja.

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Ngoja niwaambie. Hapa Guntur, mji wetu wenye soko kubwa la pilipili, msimu ukifika, hata hewa inawasha. Sisi tumezoea. Mgeni akiingia sokoni kidogo tu, macho mekundu, makamasi, anaomba poo.

Baba yangu ni dalali wa pilipili, na mimi, Anasuya, mwanawe wa pekee, ndiye ninayeendesha kibanda. Nagombana na wanunuzi, makuli wananiogopa. Ila kwetu binti akiolewa anamfuata mume. Na baba alikuwa ananitafutia wachumba wa mbali.

Niache soko nikakae ghorofani huko mbali Pune napika wali? Thubutu.

Basi kila mchumba akija, nasema kwa adabu zote, "Apokelewe kibandani, aone kazi yetu." Wa kwanza alitoka mbio na mama yake nyuma. Wa pili alitapika. Wa tatu hata chai hakuigusa. Makuli walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa huyu Phanindra, eti karani wa benki kutoka Pune, katulia tuli. Mshenga wetu mwenyewe, mama Kanakamma, anajifuta machozi kwa pindo la sari. Phanindra anaokota pilipili moja, anaivunja, anauliza, "Hizi zilianikwa juani kweli? Mbona laini?"

"Dada," kuli mmoja akaninong'oneza, "huyu kashindikana. Anza kufunga mizigo."

Wiki nzima sikutulia. Bei nataja, nakosea. Karani wa benki anajuaje pilipili? Nilitamani sana awe tapeli.

Alipokuja tena nikamvuta nyuma ya magunia. "Kaka, sema ukweli. Wewe ni nani?"

Akainamisha kichwa. "Benki nafanya kazi kweli. Ila nimezaliwa Khammam, nako ni mji wa pilipili. Mama yangu alikuwa anakata vikonyo vya pilipili sokoni, mimi nimelelewa juu ya magunia."

"Mbona ulinificha?"

"Baba yako alisema nisikwambie."

Nikamwendea baba moto moto, mbele za watu. "Baba, umenichoka kiasi hicho? Mpaka unanitafutia mtu asiyewashwa, ili mradi niondoke?"

Baba hakuinua hata macho. "Wale wa mwanzo kweli nilitaka uende nao. Ulivyowafukuza nikaelewa hutaki kuondoka. Nikamwambia Kanakamma, nitafutie kijana anayeiweza hewa ya hapa, maana atahamia yeye. Huyu kakubali. Ameshaomba uhamisho benki."

Nilikosa pa kuuweka uso. Makuli wote wananitazama.

"Si ungeniambia tu, baba?"

"Ningekwambia, ungemkataa kwa ubishi. Nakujua, nimekuzaa mimi."

Nikaenda kulia nyuma ya kibanda, na siku hiyo haikuwa pilipili.

Tumeoana. Kibanda bado nakiendesha mimi, na makuli wanamwita shemeji.

Jamani, kabla hujapigana na mzazi, muulize anataka nini. Mimi nilipigana na wangu msimu mzima, kumbe yeye alishageuza nia, na wote wawili tulikuwa tunataka kitu kimoja: nibaki.