Michungwa Minne ya Mshonaji

Watu walimwita Kipo kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Ukimuuliza mche wa ndimu, kipo. Ukimuuliza waridi jeupe, kipo. Ukimuuliza kitu ambacho hakijawahi kuota chini ya jua la pale tangu dunia iumbwe, Kipo atakuna kidevu, atazunguka nyuma ya banda, na akirudi atakuwa ameshika kitu cha kijani kinachofananafanana na ulichotaka. Mkewe alikuwa akisema siku mtu akija kuuliza mche wa mvua, mume wake atamfungia miwili na kumwelekeza jinsi ya kuipanda.

Kitalu chao kilikuwa kando ya barabara, kati ya gereji na ukuta wa shule. Kilikuwa na nguzo nane za miti, neti nyeusi ya kivuli juu yake, na chini viriba vya plastiki vilivyojazwa udongo, safu baada ya safu. Jua la pale halikuwa na mzaha na mtu. Kiriba kilichosahauliwa nje ya neti saa nne asubuhi, kufika saa nane udongo wake umekauka kama tofali na mche umeinamisha kichwa kama mwenye deni. Kwa hiyo maisha ya Kipo yalikuwa ni kubeba maji. Alibeba maji alfajiri, akabeba jioni, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, hata fundi wa gereji akamwambia aje amnyooshee kwa jeki.

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mkono wake ulikuwa hodari wa kubebesha. Kubebesha ni hivi: unachukua kijiti cha mti unaozaa vizuri, unakipachika kwenye shina changa la mche mwingine, unafunga kwa utepe wa plastiki, unasubiri vishikane viwe mti mmoja. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu. Uliotokana na mbegu tu utakuchosha roho, miaka saba, minane, pengine kumi, na miiba juu yake. Ukiwa bado kwenye kiriba, mnunuzi hana macho ya kuutofautisha na mwenzake. Anaangalia utepe tu.

"Mwenye kununua mche haoni anachonunua," mjomba alimwambia siku alipompa kisu chake mwenyewe. "Anakununua wewe."

Kipo alikipokea kisu kwa mikono miwili. Maneno aliyaitikia, kama vijana wanavyoitikia, akayaweka mahali ambapo asingeyakanyaga.

Sasa siku yenyewe ilikuwa hivi. Upepo wa kiangazi uliichana neti upande wa michungwa, na Kipo alikuwa amesafiri kwenda kuzika. Siku tatu tu. Aliporudi, kila mchungwa aliokuwa ameubebesha ulikuwa umenyauka kijiti chake na kuwa mkavu wa kuwashia moto. Alikaa chini akashika kichwa. Alikuwa bado amekaa pale walipotokea wateja wawili, mshonaji na mumewe.

Mshonaji alikuwa mama wa makamo, aliyekuwa akishona sare za wanafunzi kwenye kibaraza chake mtaa wa pili, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni hata akienda sokoni. Mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu, mzee mrefu mkimya aliyetembea hatua moja nyuma yake. Hii ilikuwa mara ya tatu kuja. Mara mbili Kipo aliwaambia miche haijashika vizuri, warudi wiki ijayo.

"Haya mwanangu, leo usitupige chenga," mshonaji alisema akicheka. "Mashimo tumeshachimba, mzee wangu ameshaweka samadi. Michungwa minne ya kubebesha. Ipo?"

Angesema haipo, mama, jua limeniulia, mambo yangekwisha pale. Wangesikitika, wangempa pole, wangerudi baada ya miezi. Lakini neno hilo halikuwa na njia mdomoni mwake. Mtu aliyejengewa jina kwa kusema kipo, atasemaje hakipo mara ya tatu, mbele ya wazee waliochimba mashimo? Akasema, "Ipo, mama. Kaeni kivulini kidogo niichague."

Akaenda nyuma ya banda. Akachukua miche minne ya mbegu, mizuri, yenye afya, ambayo haijawahi kuguswa na kisu. Akaichuna gome kidogo kila mmoja, akazungushia utepe, akakaza fundo. Haikuchukua hata robo saa. Mkewe alikuwa pembeni akichekecha mboji, akamwona.  Aliacha kuchekecha, akamtazama, kisha akaendelea.

Mshonaji aliigeuzageuza ile miche kama anayekagua pindo la mteja. "Itazaa lini?"

"Mwaka wa tatu, mama. Ukichelewa sana, wa nne."

Wakaondoka, mzee amebeba miwili kila mkono, ameishika mbali na mwili wake ili isisuguane.

Miezi michache baadaye mshonaji alipita na kumwuliza kitu. Utepe umeshatoka, alisema, na yeye ametazama sana pale ulipokuwa, mbona hauoni mshono? Yeye mshono anaujua. Kipo akamjibu kwamba mche ukipona vizuri mshono hauonekani, ndiyo ufundi wenyewe. Mama wa watu akacheka, akajigonga kichwa kwa kujiona mjinga. Kipo naye akacheka. 

Mwaka wa tatu ukafika, wala ua halikuonekana. Mshonaji akaja.

"Mwanangu, tumekosea wapi?"

Hapo ndipo Kipo alipofanya jambo baya kuliko lile la utepe, ingawa wakati huo aliliona dogo. Alitafuta pa kutokea. Akauliza kama daktari: mnaweka mbolea gani? Mnapalilia? Nani anamwagilia, na saa ngapi?

"Mzee wangu. Anamwagilia saa sita mchana, jua la utosi. Nimemwambia asubuhi kuna baridi nzuri, hasikii. Eti lori alikuwa analinywesha maji likiwa na kiu, si likiwa limelala."

"Ndiyo hapo, mama!" Kipo akapiga kofi. "Maji ya mchana yanaunguza mizizi. Mti unashtuka, unakataa kuzaa. Mwambie mzee aache."

Alipomaliza kusema hivyo alijisikia mwepesi. Mtu akishatua mzigo wake juu ya kichwa cha mwingine lazima ajisikie mwepesi. Lakini mwaka wa nne mshonaji alirudi na habari zilezile, safari hii kwa hasira. Mzee alikuwa anamwagilia kwa kujificha, yeye akiwa kibarazani kwenye cherehani. Amekuta udongo umelowa mchana kweupe. Wamegombana. Mikono ya mzee imejaa mikwaruzo ya miiba, lakini haambiliki.

Miiba. Kipo alitazama chini. Mchungwa wa kubebesha hauna miiba mingi kiasi hicho, na kama mama huyu angemwuliza fundi mwingine yeyote wa miche, angeambiwa. Lakini hakumwuliza mwingine. Alimwamini yeye.

"Endelea kumkataza, mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamkirihi.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Ya Kipo yalikuja yakakaa sebuleni yakaomba na chai. Akimwona mshonaji kwa mbali na mkanda wake shingoni, alijitia kuinama nyuma ya viriba kutafuta konokono. Mkewe akimletea chungwa lililomenywa, alisema ana asidi.

"Una asidi au una michungwa minne?" mkewe alimwuliza siku moja. "Nenda kwa yule mama ukaseme."

"Nikaseme nini? Mti wa mbegu nao utazaa. Ni suala la muda."

"Muda wa nani?"



Mwaka wa tano yule mzee akafa. Ni presha, walisema. Kipo alikwenda mazikoni akakaa nyuma kabisa, karibu na viatu, na mshonaji alipompa mkono alimshukuru kwa kuja, akamwita mwanangu. Alirudi kitaluni akamwagilia safu moja mara mbili, na nyingine akaisahau.

Mwaka wa sita, asubuhi moja, mshonaji alisimama mbele ya kitalu kabla Kipo hajapata pa kuinama.

"Njoo unikatie ile miti," alisema. "Nimechoka nayo. Nitaweka kamba nianike nguo. Njoo na msumeno."

Hapo Kipo akapata wazo, na akaona Mungu amemfungulia mlango. Mchungwa mkubwa unaweza kubebeshwa. Unakata shina, unapachika vijiti vizuri kwenye gome, unafunga, na kwa kuwa mizizi ni mizima, mwaka wa pili au wa tatu unazaa. Angekwenda, angemwambia mama asikate yote, anaipunguza tu ipate nguvu. Angefanya kazi yake kimyakimya, miti ingezaa, na ile kesi ingekufa bila kusomwa. Alikata vijiti kumi na viwili kutoka kwenye mchungwa bora kuliko yote aliyokuwa nayo, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akanoa kisu cha mjomba. Mkewe alimtazama akinoa.

"Unakwenda kusema au kufanya?"

"Kufanya ndiko kusema."

"Haya," alisema mkewe. "Utaniambia ukirudi."

Ua wa mshonaji ulikuwa mdogo na msafi. Kulikuwa na bomba pembeni, kigoda kando ya bomba, na juu ya kigoda keni ya kumwagilia iliyotiwa kiraka cha bati mdomoni, kazi ya mkono wa mtu wa magari. Michungwa minne ilisimama, mirefu, ya kijani, yenye miiba urefu wa kidole. Miti mizuri kweli. Ilikuwa imetunzwa kuliko mti wowote kitaluni kwake.

Kipo alieleza habari ya kupunguza, mama akasema fanya unavyojua, akarudi kwenye cherehani. Cherehani ilikuwa ikisikika, inakwenda, inanyamaza, inakwenda. Alikata mti wa kwanza, akapachika vijiti vitatu, akafunga. Wa pili. Jua lilikuwa linapanda na jasho linamwingia machoni. Alikuwa amemaliza wa tatu alipogundua kwamba cherehani imenyamaza kitambo.

Mshonaji alikuwa amesimama nyuma yake. Aliinama kwenye kisiki cha kwanza, akavaa miwani yake, akaweka kidole pale kijiti kilipoingia kwenye gome, juu kidogo ya utepe.

"Hapa pana mshono," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ile ya mwanzo haikuwa nao."

Kipo alikuwa na majibu. Angalau matatu yalikuja ulimini, yamevaa vizuri. Akayatazama yote, akamtazama yule mama, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, akasema, "Haukuwepo, mama. Sikuwa na michungwa ya kubebesha siku ile. Jua lilikuwa limeiua yote. Nikawafungia utepe kwenye miche ya mbegu."

Mshonaji alivua miwani. Hakupiga kelele, na Kipo angetoa kitalu chake chote apigiwe kelele.

"Na maji ya mchana?" aliuliza. "Yanaunguza mizizi kweli?"

"Hapana, mama. Ukitoa maji ya kutosha hayana neno. Mzee hakukosea."

Mama yule alikwenda akaketi kwenye kigoda, akaiweka keni mapajani. "Mwaka wa mwisho aliacha," alisema. "Nilimwambia maneno mabaya siku hiyo. Nikamwambia umeendesha malori miaka thelathini, mti mmoja umekushinda. Basi akaacha. Ikifika saa sita anakuja anakaa hapa, keni hii mikononi, tupu. Anaitazama tu hiyo miti. Mimi nikasema moyoni, afadhali, amesikia."

Kipo alipiga magoti kwenye udongo. "Mama, nisamehe. Naomba unisa—"

"Usiniombe mimi. Aliyegombezwa si mimi."

 Gari lilipita nje. Kipo alikuwa analia na hakuwa na mkono msafi wa kujifutia.

Kisha mshonaji akasimama, akaweka keni chini ya bomba, akafungua. Maji yalipojaa akafunga, akamsogezea kwa mguu.

"Umebaki mmoja. Ufunge. Ukimaliza, mwagilia yote."

"Nitarudi jioni, mama, jua likishapungua ni—"

"Ni saa ngapi sasa hivi?"

Kipo alitazama kivuli chake. Kilikuwa chini ya miguu yake, hakikuonekana.

"Saa sita."

"Basi."

Aliufunga mti wa nne. Akabeba keni, akainama kwenye kisiki cha kwanza, akamwaga kama anavyomwaga kitaluni, haraka, kwa mkono uliozoea safu ndefu. Maji yakaruka pembeni.

"Taratibu," mshonaji alisema kutoka mlangoni. "Yeye alikuwa hamwagi hivyo."

Kipo akapunguza mkono.