Nilimvua Mjukuu Sweta Nikidai Anadeka

Nimekosa, na sitafuti wa kunionea huruma. Mkitaka kunicheka, chekeni kwa sauti. Mimi mwenyewe nimeshaanza.

Mimi ni bibi wa Bombo, huku milimani Upare. Mwanangu alioa binti wa Ndungu, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, Rehema, nami sikumpenda tangu siku ya kwanza. Wakamzaa Namsifu, mtoto akawa wa kuumwa tu: mara miguu, mara macho ya manjano. Hospitali wakasema ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi nikasema ana ugonjwa wa Ndungu! Nikalitangaza hadi kanisani. "Kwetu sisi damu ni safi." Utadhani niliichungulia kwa darubini!

Mwaka jana mama yake Rehema aliugua, mkwe akaniletea mtoto nikae naye.

"Shikamoo mama. Vidonge vyake hivi hapa, ameze kila siku. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Akilalamika maumivu, mkimbize hospitali, usisubiri."

"Marahaba. Nimelea watoto mimi, sifundishwi na mtu wa kwenye mpunga."

Alipogeuka tu, vidonge nikavifungia kabatini. Sweta nikamvua. Asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba, nikampeleka mtoni akaoge, akomae kama mtoto wa Kipare! Mtoto anatetemeka, bibi anajisifu.

Jioni akaanza kulia. "Bibi, mifupa inauma."

"Deko hilo, mpelekee mama yako."

Jamani! Nilimwacha alie mpaka akalala. Kulipokucha nikamkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa. Jirani ndiye aliyeita bodaboda. Mimi nilikuwa uani, nawaza nani kamroga!

Hospitali walisema ni kiharusi kilicholetwa na selimundu, wakamwongezea damu, akapona. Mkono haukurudi vizuri. Rehema alipofika wodini, badala ya kuomba radhi nikaanza: "Hii damu yenu ya Ndungu..."

Nesi akanikatiza. "Mama, mtoto hawezi kuugua selimundu mpaka arithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mwanao naye ameibeba."

Nikabisha! Nikadai nipimwe na mimi, niwaumbue. Majibu yakaja: aliyempa mwanangu ni mimi. Bibi damu safi!

Nesi akaniuliza taratibu kama niliwahi kufiwa na mtoto mdogo. Mwanangu wa pili alikufa akililia miguu, macho manjano kama ya Namsifu. Nilisema wifi yangu kamroga. Ukoo mzima ukamtenga, hata salamu hapewi, mpaka akahama Bombo akafia huko alikokwenda. Nimwombe nani msamaha sasa?

Namsifu anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Rehema hajanitukana, na afadhali angenitukana. Ananisalimia shikamoo kwa adabu zote, lakini haniachii mtoto peke yangu, hata anapokwenda kuteka maji. Anambeba.

Wewe mama mkwe unayetafuta ukoo wa kulaumu, kwanza kapimwe. Wewe bibi unayejua kila kitu, mpe mtoto kidonge chake na umvalishe sweta. Na mtoto akikuambia inauma, mwamini! Inauma.