Duda wa Jiwe la Njano

Eduarda Felida, ambaye kisiwa kizima cha Bonaire, kule Karibi, kinamwita Duda, aliongoza wageni chini ya maji kwa miaka thelathini na mmoja, na hakupoteza hata mmoja. Alipenda kulisema hilo, hata kwa watu waliokwisha kulisikia mara kumi. Kule kusini, mbele ya mashamba ya chumvi, miamba ya matumbawe iko miwili. Wa kwanza unaanza karibu na ufuko na kushuka. Kisha kuna uwanja wa mchanga mweupe, na ng'ambo ya mchanga unainuka wa pili. Wa kwanza ni wa kila mtu. Wa pili, kama umeingia kwa miguu kutoka ufukoni bila boti, unataka mtu anayejua njia ya kurudi, na mtu huyo alikuwa Duda.

Miaka mitatu iliyopita mgeni mmoja alishikwa na kiwewe kwenye mwamba wa pili, akafyatuka kwenda juu. Duda alimng'ang'ania mguu ili amzuie, wakapanda wote wawili kwa kasi ambayo damu ya binadamu haiwezi kuihimili. Mgeni hakupata hata mafua. Alirudi kwao akamtumia Duda kadi ya Krismasi yenye picha ya mbwa. Duda mwenyewe alikaa siku tano akiingizwa na kutolewa kwenye chumba cha presha cha hospitali, kinachoyeyusha mapovu ya hewa kwenye damu, akatoka na mguu wa kushoto uliokufa ganzi kuanzia gotini. Daktari akamwambia kuzamia basi, maisha.

Kazi akaichukua bintiye, Ruthline. Duda akabaki nyumbani wiki mbili akigombana na kuku, mpaka binti akaona heri amchukue.

"Unakuja na kofia yako na maji ya kunywa," Ruthline alimwambia. "Unalinda pikapu na unatazama bahari. Basi."

Basi hiyo Duda aliipokea kama cheo. Kila asubuhi honi ililia mara mbili mlangoni, naye alikuwa tayari amevaa kofia. Wenzake walipozamia, aliandika saa kiganjani kwa kalamu. Madirisha ya pikapu aliyaacha wazi, kama kila mtu anavyofanya, maana mwizi akikuta yamefungwa huvunja kioo. Ila chini ya kiti, ndani ya kitambaa cha meza cha zamani, alikuwa ameficha jaketi lake la kuzamia na mpira wake wa kupumulia. Kwa nini, hakumweleza mtu. Hata nafsi yake hakuieleza vizuri.

Jumanne ile wageni walikuwa wawili, Joost na mkewe, warefu na wekundu wa jua. Walisimama kwenye jiwe la njano lililoandikwa jina la mahali, moja kati ya mengi yaliyopangwa kando ya barabara ya ufukoni, wakavaa mitungi.

"Mama, umekula?" Ruthline aliuliza huku akifunga mkanda.

"Pastechi mbili za jibini."

"Daktari alisema moja."

"Daktari alisema habari za maji. Za unga hakuzigusa."

Ruthline akacheka, kisha akaacha kucheka. "Macho wapi?"

"Baharini."

"Puto la rangi ya machungwa likitokea?"

"Mkondo umewachukua. Nawasha gari, nakuja jiwe linalofuata, na oksijeni iko nyuma ya kiti. We mtoto, si mimi niliyekufundisha hayo?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Wakaingia. Duda akaandika kiganjani: saa tatu na dakika kumi. Walipaswa kutoka saa nne na dakika tano.

Saa nne na dakika tano hawakutoka. Na kumi, hawakutoka. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu ukienda baharini, kama kawaida yake, na maji yalimeremeta mpaka macho yakamtoka machozi. Alijua mtungi una hewa kiasi gani. Alijua Joost anavuta hewa kwa pupa, alimwona alivyokuwa akihema kabla hata ya kulowa. Saa nne na robo akampigia simu Winklaar, mwenye duka la kuzamia.

"Duda, tulia," Winklaar alisema. "Ni mkondo tu. Watatokea mbele."

"Boti je?"

"Boti iko kaskazini, nikiita sasa hivi ni dakika arobaini. Naiita. Wewe endelea kutazama tu, umenisikia?"

"Mtoto wangu yuko chini, unaniambia nitazame?"

Akakata simu. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli, hofu ile inayotaka mikono ifanye kitu, chochote. Akaigeuzia bahari mgongo. Akavuta kitambaa chini ya kiti, akatoa jaketi, akaburuta mtungi mmoja wa akiba, akaanza kuufunga. Vidole vilivyofanya kazi hiyo maelfu ya mara vilimsaliti. Mkanda aliupitisha vibaya mara mbili, akaufungua, akaufunga tena. Ilimchukua dakika nane, na katika dakika hizo nane hakuinua macho hata mara moja.

Alipoingia majini kinyumenyume juu ya mawe, mguu wa kushoto haukumwambia ulikanyaga wapi. Akaanguka chali. Maji yalikuwa ya magotini tu. Mtungi ukakwama kati ya mawe mawili, mkono mmoja ukabanwa chini yake, na Duda, kiongozi wa wageni kwa miaka thelathini na mmoja, akalala pale mawimbi yakimpiga usoni, hawezi kukaa wala kugeuka. Alilia kwa sauti. Aliita Ruthline, akamwita na Mungu.

Aliyekuja ni Ruthline. Alikuja akikimbia barabarani pekupeku, nyayo zinavuja damu, na hakuja kwenye mawe kwanza. Alikwenda kwenye pikapu, akaunyakua mfuko wa oksijeni, akautupa kwenye kiti cha mbele. Ndipo akamwona mama yake.

"Mama, ulikuwa unatazama wapi?"

Hakungoja jibu. Akamfungua mkanda, akamvuta, akampakia nyuma akiwa analowesha kila kitu, akaendesha mbio kurudi alikotoka. Puto lilikuwa limesimama juu ya maji mwendo wa mawe mawili ya njano kusini, dakika kumi na mbili nzima. Joost alikuwa amelala kwenye kokoto, kichwa mapajani mwa mkewe. Alikuwa amefyatuka kutoka mwamba wa pili.

"Mguu siusikii," alikuwa akisema. "Huu wa kushoto. Siusikii."

Duda akausikia wake, ule uliokufa ganzi.

Daktari alisema kama oksijeni ingewahi, huenda isingebadilisha kitu, na huenda ingebadilisha. Joost alisafirishwa kwao kwa kiti cha magurudumu. Hakuna aliyemlaumu Duda: Winklaar alimletea tikiti maji, na Ruthline alimkanda mguu jioni. Afadhali wangemtukana.

Jumanne iliyofuata alikaa mlangoni, kofia kichwani, chupa ya maji mapajani. Alisikia pikapu ikija. Ikapunguza mwendo kwenye kona, ikapita, honi haikulia. Kwenye kiti chake alikaa msichana wa dukani kwa Winklaar.

Duda alichukua kalamu, akaandika kiganjani saa ambayo wangeingia majini. Akakaa akitazama barabara, bila kugeuka, bila hata kwenda msalani. Pikapu iliporudi saa tano kasorobo ikiwa na watu wote, akalamba kidole, akafuta.