Utani wa Jirani Umeninyima Trekta

(Jina la msomaji huyu na kijiji chake tumevificha kwa ombi lake.)

Ndugu wasomaji, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, Mzigua wa Handeni, nina mke na watoto watatu. Miaka sita niliendesha trekta kwenye shamba la mkonge huko Korogwe. Tulipoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa niliacha kazi nikarudi kwetu, nikalima kwa jembe la mkono kama wenzangu, wala sikulalamika.

Mwaka huu kijiji kikapewa trekta, na dereva akatakiwa aajiriwe mbele ya mkutano wa wanakijiji wote. Tulijitokeza wawili tu, mimi na mpwa wa mwenyekiti, ambaye trekta analijua kwa kupanda tela. Afisa wa wilaya akatusimamisha mbele, akauliza, "Nani ana pingamizi?"

Akainuka jirani yangu, mzee wa Kinyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki huku. Sisi na wao ni watani tangu mababu, na tusi la mtani halina kesi. Akapaza sauti: "Ndugu Afisa, huyu mtumwa wangu msimpe! Ni mwizi tangu tumboni kwa mama yake. Hilo trekta mtalikuta chunguni!"

Watu wakaangua kicheko. Nami, mpumbavu mimi, nikajibu kama mtani anavyojibiwa: "Kweli kabisa, na tairi nitakuuzia wewe!"

Afisa hakucheka. Ni mgeni huku. Akamgeukia mwenyekiti, ambaye alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka, akamuuliza kama ni kweli. Mwenyekiti akajikohoza. "Mzee amesema, na mwenyewe amekiri mbele ya watu." Ikaandikwa hivyo. Kazi akapewa mpwa wake.

Kesho yake nilimfuata. "Mwenyekiti, wewe ni Mzigua kama mimi. Unajua ule ulikuwa utani."

"Najua," akasema bila haya. "Lakini muhtasari umeshakwenda wilayani. Ukitaka kupinga, andika kwamba mzee aliidanganya serikali. Atakwenda kujieleza yeye."

Juzi huyo mpwa amelitumbukiza trekta mtaroni, na mashamba hayajaguswa.

Jioni ya siku ile niliyomfuata mwenyekiti, mzee alikuja kwangu, ameshasikia habari yote. Siku zote huniita mtumwa wake, ila siku hiyo aliniita mwanangu, nikaogopa. "Andika, mwanangu. Wakinifukuza kijijini nitarudi mkongeni." Mkonge gani, na mgongo wake hauinui hata mzigo wa kuni? Tulipomzika baba, ni yeye aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, hata mama akacheka katikati ya kilio. Mtu wa namna hiyo nimpeleke kwa afisa kama mhalifu?

Barua nimeshaiandika, imebaki sahihi. Mke wangu ananiambia nitie, kwa sababu watoto hawali utani, na simlaumu.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Jibuni upesi, mvua za vuli zimekaribia. Na kila asubuhi mzee yule hupita mlangoni kwangu, huvua kofia, akanisalimu kwa adabu, kama mtu asiyenijua.